Kuomba Msaada wa Kusomea Uhandisi: Somo kwa Asiyeona Vizuri na kwa Jirani Yake wa Dawati

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Mhariri aliniomba makala ya somo, si hadithi, kwa hiyo msitarajie sungura wala fisi. Somo langu ni hili: kijana asiyeona vizuri, tena mgeni katika nchi hii, afanye nini ili asomee uhandisi katika chuo kikuu? Aombe msaada gani, kwa nani, na kwa maneno yapi? Nimelichagua kwa sababu kijana mwenyewe ni mimi. Mnanijua. Ndiye yule wa dawati la mbele kabisa, anayesoma kitabu kana kwamba anakinusa.

Tuanze na maneno, maana hapo ndipo chama chetu kina nguvu.

Mhamiaji hutokana na kuhama, na mkimbizi hutokana na kukimbia. Mhamiaji alifunga mizigo yake, mkimbizi aliiacha. Mimi nilizaliwa Torit, Sudan Kusini. Mwaka 2016 vita vilipoenea kwetu, mama alitupandisha lori mpaka Kakuma, kambi iliyoanzishwa mwaka 1992 na ambayo siku hizi ni mji kwa namna yake. Baadaye nikaletwa hapa Eldoret kwa mama mdogo anayeishi Langas. Kwa hiyo kwenye karatasi za serikali mimi ni mkimbizi, darasani wengine huniita mhamiaji, na mtaani mimi ni "yule wa Juba", ingawa Juba yenyewe sijawahi kufika.

Neno la pili ni kipofu. Hebu litazameni. Linaanza na ki- kama kiti na kikombe, lakini upatanisho wake ni wa A-WA: tunasema kipofu ameingia, hatusemi kimeingia. Wapo wasiolipenda kwa sababu ya hiyo ki-, na husema asiyeona au mlemavu wa macho. Mimi sina ugomvi nalo, ila halinihusu, kwa sababu nina uoni hafifu. Nilizaliwa na mtoto wa jicho pande zote mbili. Ugonjwa huo kwa mtu mzima hutibiwa kwa upasuaji na akaona tena vizuri. Kwa mtoto mchanga mambo ni tofauti: ubongo hujifunza kuona katika miaka ya kwanza, na lenzi ikiwa na ukungu wakati huo, ubongo haupati cha kujifunzia. Mimi nilipasuliwa nikiwa na miaka 9. Ukungu uliondoka, lakini ubongo ulikuwa umeshapitwa na masomo yake.

Madaktari huandika uoni kwa sehemu. Wangu ni 6/60. Maana yake, kile ambacho mwenye macho mazima hukiona akiwa mita 60, mimi hukiona nikiwa mita 6. Shirika la Afya Duniani humhesabu mtu kuwa kipofu akiwa chini ya 3/60 kwa jicho lililo bora. Basi mimi niko katikati: si kipofu wa kushikwa mkono, wala si mwenye kuona ubao. Hali hii ina udhia wake, kwa kuwa watu huniona nikivuka barabara kule Zion Mall bila fimbo halafu hawaamini nikisema siyaoni maandishi ya mwalimu.

Neno la tatu ni mhandisi. Hili ndilo neno la Kiswahili nililolielewa bila kufundishwa, kwa sababu nyumbani tulisema Kiarabu cha Juba, na huko injinia ni muhandis. Mzizi wake ni handasa, na handasa kwa Kiarabu ni jiometri pia. Kwa hiyo mhandisi, tukifuata asili ya neno, ni mtu wa vipimo. Neno lenyewe halikutaja macho hata kidogo.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe. Watu wengi hudhani kwamba asiyeona vizuri hukataliwa uhandisi kwenye lango la chuo kikuu. La. Mlango wake hufungwa mapema zaidi, wakati wa kuchagua masomo, na mara nyingi hufungwa na watu wenye nia njema kabisa.

Katika mfumo wa 8-4-4 mtihani wa KCSE una Hisabati mbili: A, yenye nambari 121, na B, yenye nambari 122, ambayo ni nyepesi zaidi. Biolojia ina mtihani wa wasioona, nambari 236. Fizikia na Kemia hazina mtihani wao. Sasa angalieni masharti ya kuingia uhandisi: vyuo vyetu hutaka angalau C+ katika Hisabati A, Fizikia na Kemia, na kwa ushindani ulivyo, C+ yenyewe haikufikishi mbali. Mwanafunzi akishauriwa achukue Hisabati B na Biolojia "ili asiteseke", uhandisi umekwisha. Hakuna aliyemwambia hapana. Hakuna barua ya kumkataa. Miaka miwili baadaye ndipo anagundua kwamba njia aliyowekwa haikuwa ikienda huko.

Nilipokuwa kidato cha pili, mtu mmoja katika ofisi moja, ambayo sitaitaja, aliniambia kwa upole sana, "Kijana, chukua Historia. Utakuwa mwalimu mzuri." Naipenda Historia. Lakini hakuniuliza nataka nini, na hakuna aliyemwambia jirani yangu wa dawati, mwenye macho ya tai na D katika Fizikia, achukue Historia. Nilirudi shuleni nikajiandikisha masomo yote matatu ya sayansi pamoja na Hisabati A. Wadogo zetu wa gredi ya 10 walioingia Januari 2026 wamechaguliwa mkondo mapema zaidi: ama sayansi na teknolojia, ama sayansi za jamii, ama sanaa na michezo. Ikiwa miongoni mwenu yuko asiyeona vizuri na amewekwa mkondo asioutaka, akaulize sasa hivi, si mwaka ujao.

Je, uhandisi unawezekana bila macho mazuri? Tuufanyie mfano wa karibu. Bwawa la Turkwel lina mitambo ya megawati 106. Umeme wake husafiri kwa nyaya za volti 220,000 hadi kituo cha Lessos, si mbali na hapa. (Nilipoletwa kutoka Kakuma gari lilipita Kainuk, karibu na bwawa hilo, kwa hiyo umeme na mimi tulifuata upande mmoja.) Kwa nini volti nyingi hivyo? Kwa nini wasitume kwa volti 11,000 tu, zile za nyaya za mitaani kabla ya transfoma?

Nguvu ni volti mara mkondo. Ukitaka kusafirisha nguvu ile ile, kila ukizidisha volti, mkondo hupungua kwa kiasi hicho hicho. Volti 220,000 ni mara 20 ya 11,000, basi mkondo hupungua mara 20. Lakini joto linalopotea njiani hutegemea mkondo uliozidishwa kwa wenyewe, kisha mara ukinzani wa waya. Ishirini mara ishirini ni 400. Hivyo kila yuniti moja inayopotea njiani kwa volti 220,000 ingekuwa yuniti 400 kwa volti 11,000, juu ya waya ule ule. Turkwel ingechemsha hewa ya Pokot na Lessos isipate kitu.

Haya niambieni, katika hesabu hiyo macho yalihitajika wapi? Mwalimu wetu wa Fizikia aliisema kwa mdomo siku stima ilipokuwa imepotea, darasa zima likiwa gizani, na siku hiyo sote tulikuwa 6/60.

Sisemi kwamba macho hayana kazi. Michoro ipo, vipimo vipo, maabara ipo. Ila kila kimoja kina njia yake. Mwalimu wangu ana ubao laini, pini na mipira ya kufungia pesa: grafu ya mstari mnyoofu nimeipapasa kwa vidole kabla sijaiona kwenye karatasi. Kuna karatasi maalumu ambazo mchoro mweusi ukichapishwa juu yake na kupitishwa kwenye joto, mistari huvimba ikapapasika. Wasioona kabisa wana breli, au nukta nundu kama wasemavyo Watanzania, iliyobuniwa na Mfaransa Louis Braille miaka ya 1820 akiwa bado kijana wa shule. Ina nukta 6 tu, na nukta 6 hutoa alama 63 tofauti, ukiacha nafasi tupu. (Wanahisabati, hakikisheni: 2 mara 2 mara 2 mara 2 mara 2 mara 2, toa 1.) Abraham Nemeth, Mmarekani asiyeona, alitengeneza breli ya hisabati iliyotolewa mwaka 1952, kwa kuwa breli ya kawaida haikumtosha alipofika kwenye hisabati ya juu. Siku hizi kuna pia programu za kusoma skrini kwa sauti. Moja, NVDA, ilianza mwaka 2006 kwa kazi ya vijana wawili wa Australia wasioona, na haiuzwi, hutolewa bure. Hilo la bure liandikeni, tutalirudia kwenye barua.

Watu waliopita njia hii wapo, na mmoja mnamjua bila kujua. Leonhard Euler alizaliwa Basel, Uswisi, akahamia Urusi mwaka 1727 akiwa na miaka 20 kutafuta kazi. Jicho la kulia lilimpotea akiwa na miaka kama 30, na la pili kufikia 1766. Aliendelea kuandika hisabati kwa kumsomea mwandishi maneno, na sehemu kubwa ya kazi zake ni ya miaka hiyo ya giza. Kanuni yake ya nguzo, inayosema nguzo nyembamba itapinda kwa uzito gani, hufundishwa mpaka leo kwa wahandisi wa ujenzi. Mgeni, tena mwenye macho mabovu. Maghorofa yote yanayoota mjini kwetu tangu Eldoret ifanywe jiji Agosti 2024 yanadaiwa na mtu huyo.

Wa siku zetu ni Srikanth Bolla wa India, aliyezaliwa mwaka 1991 bila kuona. Alipomaliza kidato aliambiwa kwamba sayansi si ya wasioona. Alienda mahakamani, kesi ikachukua miezi, akashinda, akasoma sayansi na kufaulu vizuri mno. Vyuo vikubwa vya uhandisi vya kwao havikumfungulia mlango, basi mwaka 2009 akaenda MIT, Marekani, akasomea usimamizi, na mwaka 2012 akaanzisha kiwanda nyumbani. Mfano huu unanifurahisha na kunisikitisha. Alishinda kesi, lakini uhandisi wenyewe hakuusomea.

Tuje kwenye pesa, maana hapo ndipo mkimbizi na mwenyeji hutengana. Shahada ya uhandisi hapa Kenya ni miaka 5. Chuo Kikuu cha Moi kule Kesses kina skuli ya uhandisi, umeme na mawasiliano ukiwemo, na Chuo Kikuu cha Eldoret kiko hapa hapa. Naweza kulala Langas nikasoma. Lakini mkopo wa HELB ni wa Wakenya, na nafasi za kufadhiliwa na serikali zinazogawiwa kupitia KUCCPS ni za Wakenya pia. Silalamiki. Nchi ina watoto wake. Nasema tu ili rafiki zangu waache kuniuliza, "Kwani HELB hutaomba?"

Kwa mkimbizi njia mbili ndizo zinazojulikana zaidi. Ya kwanza ni ufadhili wa DAFI, ulioanzishwa mwaka 1992 kwa fedha za serikali ya Ujerumani na kusimamiwa na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi. Una jina la Albert Einstein, ambaye naye alikuwa mkimbizi. Hulipa karo na matumizi, na mwanafunzi husomea nchi ile ile aliyopokelewa. Ya pili ni ya shirika la WUSC la Kanada, linalochukua vijana wakimbizi tangu 1978. Huko wanafunzi wa vyuo wenyewe huchanga ili mwenzao mmoja aje kusoma. Hapa Kenya shirika la Windle ndilo limekuwa likishughulika na njia zote mbili. Nafasi ni chache na waombaji ni wengi, na tangu misaada ya nje ipunguzwe mwaka 2025, hata migao ya chakula Kakuma ilikatwa sana. Kwa hiyo siweki yai langu kwenye kapu moja.

Wenzangu Wakenya wenye ulemavu, nyinyi mna Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, lenye mfuko wa kusaidia karo na vifaa. Nendeni mkajisajili. Nimeshangaa kuona wangapi hawajui.

Na Katiba? Hapa Mkiswahili afungue macho. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa haki ya elimu kila mtu. Ibara ya 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia taasisi za elimu, kutumia breli au njia nyingine ifaayo, na kupata vifaa vya kumwezesha. Neno lililotumika ni mtu. Halikutumika raia. Mimi si raia, lakini kuwa mtu sijaacha. Katiba haisemi nani atalipa, hilo ni kweli. Ila ukienda kuomba ukijua kwamba unachoomba ni haki na si sadaka, hata sauti yako hubadilika.

Sasa barua. Tumefundishwa barua rasmi: anwani mbili, mtajo, kiini, tamati. Muundo si shida. Shida ni kiini. Wenzangu wawili huko Kakuma walinitumia barua zao nizisahihishe Kiswahili, na zote zilianza hivi: "Mimi ni kijana maskini nisiyeona, nateseka, naomba mnihurumie." Nilisahihisha ngeli, lakini nikawaambia ngeli si tatizo. Msomaji wa barua hiyo atahuzunika, ataikunja, ataweka kando, kwa sababu hakuambiwa afanye nini. Huruma haina kipimo, na mhandisi ni mtu wa vipimo, kumbukeni.

Hiki ndicho kiini cha barua yangu, nilichokiandika na kukifuta mara nyingi:

"Naomba ufadhili wa miaka 5 kwa shahada ya uhandisi wa umeme, ikiwa nitafikia alama zinazotakiwa. Uoni wangu ni 6/60 na hautarajiwi kubadilika. Nasoma maandishi ya ukubwa wa pointi 24, au maandishi ya kawaida kwa kioo cha kukuzia. Nahitaji kipakatalishi kimoja. Programu ya kusoma skrini hutolewa bure, hivyo siombi fedha yake. Nahitaji maelezo ya somo kabla ya kipindi, si baada yake, na mwenzangu mmoja katika maabara wa kusoma mita huku mimi nikifanya hesabu na kuandika ripoti. Sihitaji kupunguziwa silabasi. Nimeambatisha alama zangu za Hisabati A, Fizikia na Kemia tangu kidato cha kwanza, zikiwemo zile mbaya."

Mwalimu mlezi alitaka niondoe maneno ya mwisho, zikiwemo zile mbaya. Tulibishana. Nilisema kwamba atakayesoma ataziona tu, heri nimwoneshe mwenyewe. Yakabaki.

Angalieni kwamba vitu vingi nilivyoomba havina bei. Maelezo kabla ya kipindi ni karatasi ile ile, ila inatolewa Jumatatu badala ya Jumatano. Mtu wa kunisomea mita ni mwanafunzi ambaye angekuwa maabara hata hivyo. Hili ndilo ninalotaka walimu wetu walisikie, kwa heshima zote. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Sawa, asiambiwe. Lakini sisi wengine tuambiwe. Mwalimu anaposimama ubaoni akasema, "Hii ikija hapa, hii inaenda hapa, mnapata hii," darasa zima linaitikia ndiyo, na mimi nimebaki na hii tatu zisizo na mwenyewe. Akisema, "Eksi mraba ikivuka alama ya usawa inakuwa hasi," nimepata kila kitu, na naapa hata wale wanaosinzia nyuma hupata zaidi. Mwalimu mmoja wetu alianza kufanya hivyo muhula wa kwanza. Tangu hapo sijamwomba jirani yangu wa dawati daftari lake la Hesabu, naye amepumua, maana mwandiko wake hata mwenye 6/6 hauwezi.

Barua ya vifaa vya mtihani, yaani karatasi zenye maandishi makubwa na muda wa ziada, hupitia kwa mwalimu mkuu wakati wa usajili, na yangu imeshakwenda. Ile ya ufadhili husubiri matokeo. Nakala yake iko kwa mwalimu mlezi katika kabati la chama, rafu ya chini, kwenye faili ya kijani. Imechapishwa kwa pointi 24, hivyo ina kurasa 4. Anayetaka kuiga muundo aichukue, ila airudishe.